Sumu Isiyoua Samaki Bali Hukata Kizazi Chake



Mtu akitaka kujua kama maji ya mto ni mazuri, kwa kawaida hufanya mambo matatu. Huyatazama kama ni maangavu. Huyanusa. Kisha huangalia kama ndani yake mna samaki wanaoogelea na vyura wanaolia. Akiona hayo husema, "Maji haya hayana neno. Yangekuwa na sumu, samaki wangekufa."

Maneno hayo ni ya kweli kwa sumu ya aina moja tu. Ipo sumu ya aina ya pili ambayo haiui samaki. Samaki huogelea, hula, hunenepa na huvuliwa. Lakini madume hupoteza udume wao, mayai hayaanguliwi, na kila msimu vifaranga hupungua. Baada ya miaka michache mvuvi hutupa wavu wake na kuuvuta mtupu, wala hakumbuki siku hata moja alipoona samaki wafu wakielea.

Somo letu la leo linahusu sumu hiyo ya pili. Tutajifunza ni kitu gani, hufanyaje kazi, imeleta madhara gani mahali pengine, na kwa nini inatuhusu sisi tunaokaa Kilosa na Mikumi. Mwisho tutaona mambo ambayo kila mkulima, mfugaji na mama wa nyumbani anaweza kuyafanya kwa mikono yake bila kungoja mradi wala mfadhili.

HOMONI NI NINI?

Ndani ya mwili wa binadamu, na hali kadhalika samaki, chura, ndege na mamba, mna viungo vidogo viitwavyo tezi. Tezi hutoa vitu viitwavyo homoni, navyo huingia katika damu na kusambaa mwilini. Homoni ndizo zinazomwambia mtoto akue. Ndizo zinazomfanya msichana avunje ungo na mvulana abalehe. Ndizo zinazoliandaa tumbo la mama kubeba mimba. Kwa kiluwiluwi, homoni ndiyo inayoamua siku ya kuota miguu, kuacha mkia na kuwa chura.

Fikiri homoni kama barua kutoka ofisi ya kijiji. Karatasi yenyewe ni ndogo, lakini ina mhuri. Mwenye nyumba akiuona mhuri huo hutii: huchimba choo, hupeleka mtoto shule, au huhudhuria mkutano. Sasa fikiri mtu mwovu amechonga mhuri wa bandia unaofanana na ule wa kweli, naye anasambaza barua za uongo. Nyumba hii inaambiwa ijenge, ile inaambiwa ibomoe. Mwingine anasimama njiani na kuwazuia wajumbe wenye barua za kweli. Kijiji hakijashambuliwa kwa silaha, wala hakuna aliyejeruhiwa, lakini kazi zote zimevurugika.

Ndivyo zifanyavyo sumu zinazovuruga homoni. Baadhi huiga homoni ya kike iitwayo estrojeni, na mwili wa dume hudanganyika. Nyingine huizuia homoni ya kiume iitwayo testosteroni isifanye kazi yake. DDT hufanya yote mawili. Yenyewe ina sehemu inayoiga homoni ya kike, na mabaki yake yaitwayo DDE huizuia homoni ya kiume.

Mambo mawili huifanya sumu hii iwe ya hatari kuliko tunavyodhani. La kwanza ni kwamba kiasi kidogo sana chatosha, kwa sababu homoni zenyewe hufanya kazi kwa kiasi kidogo sana. La pili ni wakati. Mnyama mzima anaweza kupita katika maji hayo asipate dhara kubwa, lakini yai, kifaranga au mimba ikikutana na sumu hiyo siku ambazo viungo vya uzazi vinajengwa, dhara hubaki maisha yote. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sumu hii nayo humkunja samaki angali mbichi.

MFANO WA VIFARANGA VYA PEREGE

Pengine msomaji atauliza, "Yawezekanaje kitu kilichomo majini kikageuza dume kuwa jike?" Wafugaji wa samaki wanalo jibu, kwa maana wao hufanya kazi ya namna hiyo kwa makusudi.

Perege wakifugwa madume kwa majike bwawani huzaana mno, wakajazana na kudumaa. Kwa hiyo wazalishaji wa vifaranga hutaka madume matupu. Huchukua vifaranga vilivyoanguliwa karibuni, visivyozidi urefu wa ukucha, na kuvilisha chakula kilichochanganywa na homoni ya kiume iitwayo methiltestosteroni. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 60 katika kilo moja ya chakula, kwa muda wa siku 21 hadi 28. Baada ya hapo hata vifaranga vilivyokuwa viwe majike hukua vikawa madume.

Tazama basi. Kilo moja ya chakula ina miligramu milioni moja, na kati ya hizo 60 tu ndizo homoni. Tena ni kwa wiki tatu au nne tu za utoto. Kama kiasi hicho kinageuza jinsia ya samaki maisha yake yote, tusishangae kwamba vitu vinavyofanana na homoni vikimwagika mtoni vinaweza kufanya kazi hiyohiyo bila ya mtu kukusudia.

ZIWA LILILOPIMWA CANADA

Wataalamu wa Canada walitaka kujua jambo hili kwa hakika. Katika jimbo la Ontario kuna maziwa madogo yaliyotengwa kwa ajili ya majaribio. Mtafiti Karen Kidd na wenzake walichagua ziwa moja. Kuanzia mwaka 2001 hadi 2003, kila majira ya joto, walitia ndani yake homoni ya kike ya aina inayotumika katika vidonge vya uzazi wa mpango. Kiasi kilikuwa kama sehemu 5 au 6 katika sehemu trilioni moja za maji. Ili uelewe, chukua mapipa milioni moja ya lita 200, uyajaze maji, kisha gawanya gramu moja ya homoni katika mapipa hayo yote. Ndicho kiasi chenyewe.

Samaki hawakufa siku ile. Lakini madume ya samaki wadogo wa ziwa lile yalianza kutengeneza katika damu utomvu wa kiini cha yai, kitu ambacho ni kazi ya jike. Katika korodani za baadhi yao mlionekana mbegu za mayai. Vifaranga vikakosekana, na samaki wale wadogo wakakaribia kwisha kabisa ziwani. Kisha samaki wakubwa waliokuwa wakiwala nao wakapungua kwa kukosa chakula.

Kidd na wenzake walitangaza matokeo ya samaki wale wadogo mwaka 2007. Lakini jaribio hilo lina habari njema pia. Homoni ilipoacha kutiwa, baada ya miaka michache samaki wadogo walirudi. Maana yake ni kwamba maji yakiachwa kuchafuliwa yanaweza kupona.

YALIYOONEKANA MAHALI PENGINE

Mwaka 1980, katika jimbo la Florida, Marekani, dawa ya kuua wadudu iitwayo dikofoli, iliyokuwa na DDT ndani yake, ilimwagika kutoka kiwandani na kuingia Ziwa Apopka. Katika miaka iliyofuata mamba wa ziwa hilo walipungua sana. Mtaalamu Louis Guillette na wenzake waliwachunguza mamba wachanga. Walikuta madume yenye homoni ya kiume kidogo mno na viungo vya uzazi vilivyodumaa. Majike yalikuwa na mifuko ya mayai isiyo ya kawaida, na mayai mengi hayakuanguliwa.

Uingereza nako, mwaka 1998, Susan Jobling na wenzake walitangaza habari za madume ya samaki wa mito yenye mayai ndani ya korodani. Mahali pengine, chini ya mitambo inayomwaga maji machafu ya miji, madume yote waliyoyachunguza yalikuwa na dalili hizo. Sababu kubwa ilikuwa homoni za kike zinazotoka mwilini kwa mkojo. Mtambo ulisafisha uchafu unaoonekana, lakini homoni zilipita.

Tuje kwa chura. Huko California, Tyrone Hayes na wenzake waliwalea vyura wa Kiafrika wenye kucha katika maji yenye dawa ya magugu iitwayo atrazini, ambayo sehemu nyingi za dunia hutumika katika mahindi na miwa. Kiasi kilikuwa sehemu 2.5 katika bilioni. Mwaka 2010 walitangaza kwamba kati ya madume 40, kila 10 mmoja aligeuka jike, na baadhi yao walitaga mayai. Watengenezaji wa dawa hiyo waliyapinga matokeo hayo. Hata hivyo Umoja wa Ulaya ulikwisha kuamua mwaka 2003 kutoiruhusu tena atrazini, kwa kuwa ilikuwa ikikutwa katika maji ya ardhini.

Huenda utasema hayo ni ya Ulaya na Amerika. Basi tusogee karibu. Katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, DDT imekuwa ikipulizwa ndani ya nyumba kupambana na mbu wa malaria. Watafiti waliochunguza perege wa mto Luvuvhu katika eneo hilo walikuta madume yenye chembe za mayai ndani ya korodani. Huyo si samaki wa kigeni kwetu. Ni ndugu wa karibu wa perege tunayemkaanga sisi. Na katika Ziwa Kariba, ambako upande wa Zimbabwe DDT ilipulizwa kuua mbung'o, furukombe wanaokula samaki walionekana kutaga mayai yenye maganda membamba. Yai la namna hiyo hupasuka mama akililalia.

Kwa nini furukombe, ambaye hakunyunyiziwa dawa? Kwa sababu DDT haiyeyuki majini upesi bali hukaa katika mafuta ya mwili. Mdudu wa majini hupata kidogo. Samaki mdogo hula wadudu mia. Kambale hula samaki wadogo mia. Furukombe, mamba, na binadamu pia, hula hao kambale. Kila ngazi hukusanya deni la ngazi iliyo chini yake.

MAJI YETU YANATOKA WAPI NA YANAKWENDA WAPI?

Sasa tuitazame nchi yetu wenyewe. Mto Mkondoa hupokea maji ya mto Kinyasungwe yatokayo upande wa Dodoma. Hupita mjini Kilosa, kisha hushuka katika tambarare na kinamasi cha Tendigo. Mto Mkata nao hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ukielekea kaskazini. Maji hayo ndiyo huunda mto Wami, unaoingia Bahari ya Hindi karibu na Hifadhi ya Saadani. Upande wa kusini, maji ya Ruhembe na Kidodi huelekea mto Ruaha Mkuu.

Maana yake ni nini? Ni kwamba hakuna mto wa mtu mmoja. Anachomwaga mkulima wa juu hunywewa na ng'ombe wa chini, kisha na kiboko na nyani wa Mikumi, kisha na mama anayechota ndoo kijiji cha mbele. Wakati wa kiangazi mambo huwa mabaya zaidi. Mito midogo ya tambarare hukatika ikabaki madimbwi. Viboko, mamba, kambale, ndege na wanyama wengine wote hujazana katika maji yaleyale machache. Kiasi cha sumu ambacho wakati wa masika kingetawanyika katika maji mengi, kiangazi hubaki kimekusanyika katika dimbwi moja.

Tena tunacho cha kupoteza. Perege wa Wami ni wa asili ya mto huu, na wataalamu wa ufugaji wa samaki humjua mbali na hapa. Mwaka 1960 mtaalamu C. F. Hickling aliandika kwamba dume la perege wa aina hii akichanganywa na jike la perege wa Msumbiji, watoto wote huwa madume. Samaki wetu alisafiri hadi Malaya kabla ya wengi wetu kuzaliwa! Akikatika kizazi hapa nyumbani kwake, hatuwezi kusema tutamchukua mto mwingine.

Mama mwenye watoto watano hana haja ya kuelezwa umuhimu wa samaki. Kitoweo cha perege ni nyama ya mtu asiye na ng'ombe. Chura naye, ambaye watu humdharau, hula wadudu waharibifu wa mazao, na yeye mwenyewe ni chakula cha korongo na cha kambale.

SUMU HUINGIAJE MTONI?

Njia ya kwanza ni kuosha bomba la kupulizia dawa mtoni. Mkulima wa nyanya, vitunguu au mpunga bondeni humaliza kazi amechoka, mto uko hatua kumi, naye huosha bomba hapohapo. Maji ya suuza huondoka mbele ya macho yake, naye hudhani yamekwisha.

Njia ya pili ni mvua. Dawa ikipulizwa mchana na mvua ikanyesha jioni, sehemu kubwa huoshwa na kuteremka mtoni pamoja na udongo. Shamba likilimwa hadi ukingoni, hakuna hata ukoka wa kuizuia.

Njia ya tatu ni chupa na makopo matupu. Hutupwa mtaroni, au huoshwa yakawekwa mafuta ya kula na maziwa. Hili la pili ni hatari kubwa zaidi kwa watoto.

Njia ya nne ni dawa ya kupe. Mfugaji hunyunyizia ng'ombe wake kando ya mto, kisha ng'ombe wakiwa bado wabichi huingia majini kunywa. Zamani majosho mengi ya Tanzania yalitumia dawa iitwayo toksafeni, ambayo siku hizi imepigwa marufuku na mkataba wa kimataifa. Maji machafu ya josho yasimwagwe kamwe katika mkondo.

Njia ya tano ni uvuvi wa sumu. Dawa ya endosulfani, iliyojulikana sana kwa jina la Thiodan, ilikuwa dawa ya pamba, lakini watu waovu waliigeuza kuwa dawa ya kuvulia. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya sumu zinazopaswa kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Anayevua kwa sumu huua samaki wa leo, na sumu inayobaki huharibu uzazi wa wale waliosalimika. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza uvuvi huo.

Njia ya sita ni akiba ya dawa za zamani. Mfano wetu Watanzania ni shamba la Vikuge, mkoani Pwani. Mwaka 1986 ilifika huko shehena kubwa ya dawa za kuua wadudu kama msaada kutoka nje, nyingine zikiwa zimekwisha muda wake. Ziliwekwa katika banda, na banda hilo likaja kuporomoka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipopima miaka mingi baadaye, bado walikuta DDT katika udongo wa pale. Sisi wa Kilosa tunayakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010. Maji yanayobeba nyumba yatashindwaje kubeba chupa za dawa zilizofichwa chini ya kitanda?

KUCHEMSHA MAJI HAKUTOSHI

Tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wananchi wamefundishwa kuchemsha maji ya kunywa. Somo hilo ni la kweli hadi leo, na asiache mtu. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, kuhara na homa ya matumbo.

Lakini sumu ya dawa si kijidudu. Haina uhai, kwa hiyo haiwezi kuuawa. Ukichemsha maji yenye sumu ya namna hii unapata maji ya moto yenye sumu. Kitambaa cha kuchujia nacho huzuia takataka tu. Hii ndiyo sababu nasema kwamba sumu hii dawa yake iko mtoni, haiko jikoni. Tukiiacha iingie, hakuna sufuria ya kuitoa.

Je, binadamu naye hudhurika? Mwili wetu hutumia homoni za namna ileile wanazotumia samaki na mamba. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa Riana Bornman na wenzake huko Limpopo. Waliwachunguza watoto wa kiume waliozaliwa na mama waliokaa katika vijiji vilivyopulizwa DDT. Uwezekano wa watoto hao kuzaliwa na kasoro za njia ya mkojo na viungo vya uzazi, kama vile korodani kutoshuka, ulikuwa mkubwa kwa asilimia 33 kuliko wa watoto wa vijiji visivyopulizwa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa yalitoa taarifa yao kuhusu sumu zinazovuruga homoni kwa mwaka 2012, yakisisitiza kwamba mimba na utoto ndio wakati wa hatari zaidi.

Hapa naomba nisieleweke vibaya kwa mambo mawili. Kwanza, malaria bado inaua watoto wetu. Watumishi wa afya wakija kupuliza nyumba kwa dawa iliyoidhinishwa, usiwafukuze. Fuata maagizo yao: toa vyombo na vyakula nje, na usiichukue dawa hiyo kwenda kupulizia nyanya. Pili, mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango aendelee navyo. Ila vidonge vilivyokwisha muda visitupwe chooni wala mtoni. Virudishwe zahanati.

TUFANYE NINI?

1. Nunua dawa iliyosajiliwa tu, yenye maelezo unayoweza kuyasoma. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania ndiyo inayosajili. Dawa ya kupimiwa katika chupa ya soda usiinunue, kwa maana hujui ni nini.

2. Changanya dawa mbali na mto na kisima. Chota maji kwa ndoo safi, nenda nayo shambani. Usitumbukize bomba wala kopo la dawa mtoni.

3. Pima dawa inayotosha shamba lako. Ikibaki, ipulizie katika shamba hilohilo. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu na maji ya suuza uyamimine ndani ya bomba. Kisha itoboe ili isitumike tena, na umwulize afisa kilimo mahali pa kuipeleka.

4. Usipulize wakati mawingu ya mvua yametanda, wala upepo ukivuma kuelekea mtoni.

5. Acha majani, matete na miti ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka mtoni. Nyasi hizo ni chujio lisilonunuliwa dukani.

6. Mama mjamzito na watoto wasishiriki kupuliza dawa, wala kufua nguo za kupulizia. Aliyepuliza afue mwenyewe, mbali na mto.

7. Ng'ombe walionyunyiziwa dawa ya kupe wakauke kwanza, ndipo wapelekwe kunywa.

8. Ukiona samaki wengi wanaelea, usiwaokote kwa kitoweo. Mwarifu mtendaji wa kijiji na afisa uvuvi. Upande wa Mkondoa, Mkata na Wami, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo yenye dhamana ya maji hayo. Upande wa Ruaha ni Bonde la Rufiji.

9. Wazee na wavuvi wawe macho ya kijiji. Samaki aliyevurugwa homoni hajulikani kwa kumtazama. Lakini mtu aliyevua mto mmoja miaka ishirini anajua kama vifaranga vimepungua, kama vyura hawalii tena masika kama zamani, kama furukombe ameacha kiota chake. Habari hizo zisiishie kilabuni. Zipelekwe katika mkutano wa kijiji, ziandikwe pamoja na tarehe, na wataalamu waitwe kupima maji.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Samaki hai si ushahidi kwamba maji hayana sumu. Kiasi kidogo katika siku za utoto huharibu maisha yote. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi sumu ya dawa. Na mto ukiachwa kuchafuliwa, uzazi wa samaki unaweza kurudi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, bomba za kupulizia dawa huoshwa wapi? Nani anachota maji chini ya mahali hapo?

2. Chupa na makopo matupu ya dawa huenda wapi? Je, kuna nyumba inayoyatumia kuwekea chakula?

3. Mwulizeni mvuvi mzee wa mto wenu: ni samaki gani waliokuwa wengi zamani na sasa ni adimu? Wanazaliana miezi gani, na dawa hupulizwa shambani miezi gani?

4. Chagueni mahali pamoja, mbali na mto, ambapo wakulima wote watachanganyia dawa na kuoshea mabomba msimu ujao. Nani atapasimamia?

Swali la nne lijibiwe kabla ya kikao kufungwa. Msimu wa kupuliza dawa haungoji, na vifaranga vya perege havingoji pia.